Nguo Nyeupe za Bwana Prosser

Misumari ya viatu vyake ikigonga mawe ya barabara, ko, ko, ko, ikipanda kilima bila haraka. Huo ndio mlio wa Idwal Prosser uliobaki masikioni mwangu, ingawa mwenyewe alikufa zamani na meli zake zimekwisha kukatwa vyuma chakavu.

Alizaliwa Aberaeron, pwani ya Wales, mtoto wa baharia. Baba yake alipozama, mama yake alipata habari kwa kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa bandari, huku watu wakimsukuma nao wapate kusoma. Idwal alikuwa ameshika sketi yake. Alipokua akaja Cardiff, akaanza kwa kufagia ofisi ya wakala wa meli, akapanda polepole, hata akawa na meli zake mwenyewe, za kupeleka makaa ya mawe Ajentina na kurudi na ngano. Lakini karatasi ile hakuisahau. Baharia wake akifa, alikwenda yeye kubisha mlango, amevaa suti nyeusi na kofia ngumu, kabla gazeti halijasema.

Basi mtaa wetu wa Penarth, jirani na Cardiff, ukaijua kofia ile. Siku moja alikuja na suti ileile kumjulia hali nahodha mgonjwa, kwapani ana kabichi la bustani yake. Hata katikati ya mtaa hajafika, wanawake wawili walikuwa wamekaa chini wanalia, na mwingine amejifungia ndani. Prosser akasimama na kabichi lake, hajui aende mbele au arudi.

Tangu hapo, ziara za heri alizifanya Jumamosi tu, akitoka uwanjani, katika nguo nyeupe za kriketi. Hakutangaza, tulielewa. Weupe ukionekana chini ya kilima, tuliteleka maji ya chai.

Aliupenda mchezo ule kuliko ulivyompenda yeye. Alikuwa mnene, na wapakia makaa walikaa ukingoni kumchokoza kwamba hata meli zake zinazovuja zina mbio kumshinda. Naye huwajibu kuwa meli hazialikwi chai kila nyumba.

Nyumba aliyoizoea zaidi ni ya jirani yangu, Hannah Mathias, mjane. Mwanawe wa pekee, Emlyn, aliyefundishwa na Prosser kushika gongo la kriketi, alikuwa msaidizi wa nahodha katika meli ya Prosser iitwayo Glanceri.

Jumamosi moja ya Septemba karani alikuja mbio uwanjani na telegramu. Glanceri imeingia Bilbao, Hispania, baada ya dhoruba. Wimbi limemchukua Emlyn, hakuonekana tena. Karani akaongeza kwamba gazeti la jioni limeshaipata habari, nalo linakuja na treni. Suti nyeusi ilikuwa nyumbani kwa Prosser, upande wa pili wa mji. Wenzake wakamsihi akabadilishe kwanza, maana jambo kama hili lina heshima yake. Aliutazama moshi wa treni kule bondeni, akaondoka vilevile alivyo.

Mimi nilikuwa kwa Hannah, tunachoma vikate vya zabibu. Tukasikia viatu vya misumari, vile vya kriketi. Hannah akacheka, akajipangusa unga mikononi.

"Leo katolewa mapema mchezoni huyu. Ongeza kikombe, Marged."

Akafungua mlango mgeni hajabisha.

"Karibu, Bwana Prosser. Usiniambie umepata sifuri tena?"

Prosser aliingia, akavua kofia yake ya kitambaa, akabaki ameishika kwa mikono miwili. Hannah akamsogezea kiti, akimtania kuwa Emlyn akirudi achukue nafasi yake katika timu, wazee wapumzike. Akamwekea kikate kwenye sahani. Akauliza kama mvua imewakatiza. Prosser hakukaa. Suruali yake ilikuwa na doa la majani gotini.

Hannah alimtazama usoni, kisha akaitazama ile suruali nyeupe, kisha usoni tena. Maneno yakampungua kidogo kidogo. Huko chini ya kilima muuza magazeti alikuwa ameanza kupiga kelele.

Prosser akanyoosha mkono nyuma, akausukuma mlango ukafungika.

"Hannah," alisema, kwa sauti ambayo hata mimi niliyesimama karibu niliisikia kwa shida, "nisamehe kwa nguo hizi."