Jina la Mzigo

Makuli wa Tunduma hawapokei mzigo usio na jina. Anayesimama juu ya lori huutaja kwanza, ndipo anauachia: pumba, simenti, misumari. Mgeni akisikia hudhani ni kelele tu za kujichangamsha. Sivyo. Chukua gunia la pumba na katoni za misumari zenye kilo zilezile, viweke kwenye mizani, mshale haubagui. Sasa liulize bega. Bega litaapa mbele ya mchungaji kwamba misumari ni mizito mara mbili.

Anania alifundishwa hilo na kaka yake, Edson, hata kabla ya kufundishwa kubeba. Edson alikuwa na mwili wa kujaza mlango, wenzake wakimwita Fuso. Alimweleza kwamba mwongo ni jicho: likiona kitu kidogo, linaliambia bega lipumzike, halafu mzigo unafika na bega limelala. Mwenzao Timotheo aliwahi kuachiwa misumari kimyakimya na mtu aliyekuwa anaongea na simu. Wiki tatu alitembea kama anayetafuta sindano aliyoidondosha.

Baadaye Edson alihamia Hasamba na mkewe, Nesta, wakalima kahawa. Anania akabaki na malori, miaka kumi na minane, bega likawa gumu kama soli ya kiatu.

Mwezi wa nne Nesta alipiga simu: koo la Edson halipitishi chakula. Anania akasema atakuja Jumamosi. Hasamba si Ulaya. Ukitoka Tunduma alfajiri, chai ya saa nne unainywa huko. Lakini kila Jumamosi kulikuwa na lori, na pasipokuwa na lori kulikuwa na uchovu. Lile ambalo hakulisema ni kwamba hakutaka kumwona Fuso amelala. Kwenye simu kaka yake bado alinguruma vilevile, na Anania akajifariji kwa hilo. Sauti haikukonda.

Edson alifariki mwezi wa kumi na moja. Foleni ya malori ilimshika Anania njiani, akafika wakati watu wameshaaga na sanduku limefungwa. Hata hivyo alikuwa ndugu pekee wa kiume, kwa hiyo alipewa nafasi ya mbele, upande wa kulia. Mzee wa kanisa Osward, jirani yao, alikuwa nyuma yake.

Lilikuwa sanduku refu, pana. Anania aliliangalia akapanga miguu, akavuta pumzi, akainua kama mtu anayemjua anayembeba.

Sanduku liliruka. Upande wake ulipanda hadi kifuani, wengine wakiwa bado kiunoni, Osward akayumba, na ndani ya sanduku kitu kikateleza kikagonga ubao. Akina mama wakaacha kuimba.

Hakuna aliyefoka. Ingekuwa afadhali. Osward ndiye aliyekuwa akimtoa Edson nje kila asubuhi aote jua, peke yake, kama anayebeba mzigo wa kuni. Wale wengine nao walikuwa wamemgeuza kitandani, wamemwogesha. Wote watano waliinua kidogo. Ni yeye tu aliyemwinua Fuso.

"Huyu hakumwona," alisema shangazi yao, Roda, kwa sauti ya kawaida kabisa, na watu wote wakasikia.

Siku tatu za matanga Anania alikaa pembeni, karibu na mabanda ya kuku. Alimalizia kuchimba choo kilichokuwa kimeishia njiani, akachota maji, akapasua kuni ambazo zingetosha misiba miwili. Watu walimshukuru kwa adabu, kama mgeni. Alichokuwa anangoja ni siku ya mwisho. Kwa ukoo wao, mjane ndiye anayegawa vitu vya marehemu kwa mkono wake, na ndugu akirukwa, basi nyumba hiyo haina habari naye tena. Hakuna atakayemfukuza. Ila hatapigiwa simu.

Nesta alianza na Osward, akampa koti. Shangazi Roda akapata blanketi. Shoka, viatu, jembe, redio, vikapata wenyewe. Mkeka ukabaki mtupu. Anania akaanza kutafuta kofia yake kwa macho.

Nesta akaingia ndani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, kama ngumi kwa ukubwa, akaja nacho mpaka kwenye mabanda ya kuku. Alimweleza kwamba ni jiwe la mizani la chuma, lile la kilo mbili ambalo Edson alipimia kahawa. Alipougua alikuwa analiinua kila asubuhi ajue amebakiwa na nguvu kiasi gani. Mwezi wa tisa likamshinda, akasema awekewe mdogo wake, yeye bega lake bado zima.

"Nilitaka nilitupe," Nesta alisema.

Anania akakinga mikono. Nesta hakuliachia. Alikuwa mke wa kuli miaka tisa kabla ya kuwa mke wa mkulima, na alijua mtu humwachii mzigo hivihivi, labda kama unataka aumie.

"Chuma, shemeji," akasema. Ndipo akaachia.

Alikuwa ameambiwa. Mikono ilijiandaa. Hata hivyo ilishuka nalo mpaka magotini.