Nailoni ya Bwana Taratibu

Siku mnunuzi alipokuja kuliangalia gari, Mama Pacha alikuwa bado hajamlilia mumewe hata chozi moja. Watu walishasema vya kusema. Wifi yake alidai ana moyo wa jiwe. Jirani akasema ni mshtuko tu, utaisha. Yeye alipika, akafua, akaitikia pole, na ndani hamna kitu, kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi. Hofu yake alimficha kila mtu: huenda hakumpenda yule mzee. Sasa alikuwa anahamia kwa mmoja wa mabinti zake, na gari ndilo lililobaki la kuagana nalo. Hili nalo likiondoka nikiwa mkavu, alijiambia, basi tena.

Gari lenyewe usilichezee. Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Taratibu kwa mwendo wake barabarani, aliliosha kabla hajanawa uso. Viti vilikuja na nailoni ya kiwandani, nzito isiyoonyesha ndani, na nailoni hiyo haikutoka kamwe. Jua likiwaka, watoto walishuka mapaja yakibanduka kama plasta. Mkewe akilalamika, jibu lilikuwa lile lile: tutaitoa siku ya maana. Pacha wakaolewa siku moja, gari likapambwa maua mpaka kwenye vioo, na maharusi wakakalia nailoni. Siku ya maana ilikuwa bado.

Mnunuzi, mwalimu mpole, alikuja na mkewe mjamzito pamoja na fundi wao, maana gari la mtu binafsi halinunuliwi bila fundi wako. Fundi alijilaza chini ya gari, akanusa oili, akawasha injini na kutega sikio. Alitafuta kasoro mpaka akaanza kununa, kwa sababu bila kasoro bei haishuki. Mwisho akafuta mikono na kukiri kwamba kizuri chajiuza. Wakapatana, karatasi zikasainiwa, funguo zikatoka mkononi mwa Mama Pacha. Alijisikiliza ndani. Kimya.

Mke wa mwalimu alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, jasho linamtoka.

“Mama, naomba niitoe hii nailoni. Inaniunguza.”

Mama Pacha alitaka kukataa, akakumbuka kwamba gari si lake tena. “Itoe tu, mwanangu.”

Ikachanika kwa mlio mmoja mrefu. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha buluu chenye vijiua vidogo, kipya kabisa, kana kwamba kimetoka dukani asubuhi hiyo. Mama Pacha alikuwa amekalia kiti hicho tangu pacha hawajaota meno, na hakujua kuwa kina maua. Yule mwanamke alimtazama usoni, akashuka polepole na kumkaribisha akae.

Akakaa. Kilikuwa laini. Akapitisha kiganja mara moja, akarudia, na kilichomjia kwanza kilikuwa hasira, hasira ya kweli, ile ya mke kwa mume aliye hai.

“Mwanamume huyu,” alisema, “alikuwa anamwekea nani?”

Chozi likadondoka juu ya ua moja la buluu, na la pili likafuata, na Mama Pacha akaanza kuyafuta haraka haraka kwa ncha ya mtandio, asije akakitia kiti doa.