Firigisi Kwenye Sahani Yangu

Nilijua kwamba ninakufa siku niliyopewa firigisi.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkubwa wa familia. Baba alipofariki ilihamia kwa kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, na nimewahi kumwona akigombana na mjomba mzima kwa sababu ya kipande hicho. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, sikuwahi kukionja. Basi Jumapili moja hapa Muhumba, baada ya misa, yaya alikitoa kwenye sahani yake, akakiweka juu ya bugali wangu, akaangalia pembeni.

"Kula, maman," akaniambia. "Ni ya kwako."

Hata mke wake, ambaye hanyamazi hata akipiga mswaki, akainamia sahani yake.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepimwa uvimbe wa titi. Siku ya majibu dokta alimwita yaya ndani, mimi nikaachwa kwenye benchi na chupa ya soda. Ndiyo desturi yetu: habari nzito hupewa mwenye familia, mgonjwa hupewa soda. Yaya alitoka akisema ni kivimbe kidogo, kinatakiwa kutolewa. Tangu siku ile hakuna aliyeniacha nifue hata leso.

Nikajumlisha mwenyewe. Soda, leso, na sasa firigisi. Kama ni kufa, nitafia kitandani kwangu na matiti yangu yote mawili. Nikakataa operesheni. Yaya alinibembeleza, akamtuma padri, akamwita shangazi kutoka Walungu, naye akaja na kuku mwingine. Firigisi ya huyo pia nikapewa. Niliitafuna huku nikilia, na aibu ni kwamba ni tamu kweli.

Mwishowe nilikubali kwenda hospitali mara moja tu, nikamkatalie dokta usoni. Tuliingia watu watano. Dokta akaanza, kama kawaida, kumweleza yaya kwa Kifaransa. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Dokta, kwetu banaanza kunipa firigisi. Niko nakufa siku gani?"

Dokta ni mtoto wa hapa hapa, maana ya firigisi anaijua. Akageukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akafuta miwani, akaomba wote watoke, yaya wa kwanza.

"Maman, kosa ni yangu," akasema, akivuta kiti karibu. "Nilizoea kuongea na familia."

Akaniambia yote. Ni kansa. Imeonekana mapema, haijatembea. Titi moja litaondoka, nywele zitaanguka, na kuapa hawezi, lakini ana matumaini makubwa. Halafu akaniomba nimweleze upya, kama ninavyomweleza jirani. Nilikosea mara mbili, akanirekebisha. Mara ya tatu sikukosea, nikaanza kucheka peke yangu kama mlevi. Nilikuwa na kansa, na sikuwa nimefurahi hivyo tangu siku ya harusi, na hata harusini viatu vilinibana.

Nje walisimama wote na rozari mkononi. "Dokta anasema nini?"

Niliwaambia wakae kwanza. Nilitaka wangoje kidogo, na wao wasikie inavyokuwa kungoja bila kujua.

"Niko na kansa," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kati yetu. "Banaikata juma ijayo. Nimekubali mimi mwenyewe."

Wanawake wakaanza kuimba. Nikamtafuta yaya. Alikuwa amebaki kwenye benchi, na hapo ndipo nilipoona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na bado suruali ilimlegea. Wengine alikuwa amewaambia nusu. Habari yote aliibeba peke yake.

"Yaya, ulikuwa unakula?"

"Ningekula namna gani? Kila saa niliogopa utasoma kwenye uso yangu," akasema, akalia mbele ya watu.

Sikumnyamazisha. Nilikaa karibu naye, nikamweleza upya maneno yote ya dokta, polepole, kisha nikamwomba na yeye anirudishie kwa maneno yake.