Bernadeta na Surua ya Kinole

Mwaka reli ya Mjerumani ilipofika Morogoro, surua nayo ilipanda mlima. Bernadeta, mkulima wa Kinole, kijiji cha mlimani, hakuiogopa kwa ajili yake mwenyewe, maana ilimpata utotoni. Lakini kwa wiki kadhaa alikuwa akienda kuuza ndizi kijiji cha Mlali, akaona jambo lililomkaa moyoni. Kila nyumba yenye mgonjwa ilijaa watu waliokuja kutoa pole, na watoto waliobebwa mgongoni kwenda huko walianza kukohoa kabla wiki mbili hazijaisha. Hakuelezwa na mtu. Aliyaona makaburi madogo kwa macho yake.

Basi binti yake Regina, mtoto pekee aliyebaki naye, alipoamka ana macho mekundu, makamasi yakimchuruzika, Bernadeta hakungoja vipele. Mumewe Andrea alikuwa mbali, kwenye kazi ya reli. Bernadeta alihamishia jiko nje ili moshi usimsumbue mtoto, akachukua jembe na kutoboa ukuta wa udongo ili hewa iingie. Kisha akaweka gogo kukatiza njia ya kuingia uani.

Dada yake, Anastasia, alimwelewa. Kila asubuhi aliacha maji na uji kwenye migomba, akaita kwa mbali, akaondoka.

Siku ya tatu akaja mjomba wao Stambuli, mkubwa wa ukoo, na wajukuu wake wawili. Bernadeta akatoka, akasimama nyuma ya gogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Toa gogo, tumwone mtoto."

"Nisamehe, mjomba. Leo hamtaingia."

Stambuli akalitazama gogo. Tangu azaliwe hakuwahi kuzuiwa mlangoni na mpwa wake.

"Shamba unalolima ni la nani?"

"Ni la ukoo, mjomba. Na hawa wajukuu ni wa ukoo."

Mzee akageuka akashuka na wajukuu wake. Jioni alimtuma mtu kusema kwamba shamba la bondeni Bernadeta asilikanyage tena. Bernadeta alilia kidogo, kisha akarudi kumkanda Regina, aliyekuwa akihema kama mtu aliyepandishwa mlima mbio. Usiku na mchana alimnywesha maji kijiko kwa kijiko. Alipoyatapika, alimpa tena.

Siku ya tisa homa ilishuka. Regina aliomba ndizi ya kuchoma, akamaliza nusu.

Surua ilipita Kinole ikachukua watoto wanne, wote wa nyumba za upande wa pili wa mto, ambako watu walikusanyika kuwaona wagonjwa. Kwa Stambuli hakukohoa mtu. Mzee hakuja mwenyewe. Ila asubuhi moja, baada ya mwezi, Anastasia alileta ujumbe wa mzee: shamba la bondeni limeota magugu, Bernadeta aende akalipalilie.

Regina alibaki na sikio moja lisilosikia. Bernadeta alimshika mkono, wakateremka bondeni asubuhi hiyohiyo.