Hukumu ya Mkuki

Kaka yangu tunamwita Jaji, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, kuapa kwamba cheti chake kimepotea. Kazi yake ni kutoa dawa kwenye dirisha la zahanati, huu mwaka wa kumi na tisa. Ujaji ni wa Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha kinyozi, ambako watu wazima sita, na mimi mshona mapazia nikiwamo, tunapiganisha visanamu vya askari vyenye urefu wa kidole juu ya meza. Anayetaka kucheka na acheke, tumeshazoea.

Kitabu cha mchezo huo kiliandikwa na mtu mvivu. Kinasema kikosi kilichogusana na adui hakiruhusiwi kurudi nyuma, kisha kinanyamaza. Kugusana kwa kipi? Kwa vitako, vile vibao vya miguuni mwao, au hata ncha ya mkuki ikimpapasa mwenzake imetosha? Panapotokea utata kama huo, Jaji huamua na kuandika uamuzi wake kwenye daftari, na ubishi unaishia hapo. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, aliamua kwamba mkuki hauhesabiki. "Mkuki ni mali ya mtu," alisema, "mguu ndio mtu." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Siku yenyewe, mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea, alitaka kurudisha nyuma wapanda farasi wake. Mkuki wa askari wa kinyozi ulikuwa umewagusa. Jibu nililijua kabla Jaji hajafungua mdomo. Akainama, akafumba jicho moja, akasema, "Hawarudi. Mkuki ukikugusa umeguswa. Muulize aliyechomwa."

Fundi alidhani ni utani. "Jaji, juzi tu ulisema mkuki ni mali."

"Mimi? Sijawahi kusema hivyo."

Kinyozi akamfungulia daftari. Kaka aliusoma mwandiko wake mara mbili, kama anasoma barua ya mtu mwingine. Kisha akacheka, akasema haya, mkuki ni mali, tuendelee. Wenzangu wakaendelea. Mimi niliiacha dadu mezani. Mama yetu alianza hivi hivi. Kabla hajasahau majina yetu, alikuwa akibishana na orodha ya sokoni aliyoiandika mwenyewe.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza, "Kaka, hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu. Ninazozijua."

"Kazini je?"

"Mara moja. Chupa ya mtoto. Niliandika vijiko vitatu badala ya nusu kijiko. Nikamkimbilia mama yake nikamkuta getini."

Nikamwambia aende kwa msimamizi wake. Hapo akageuka Jaji kabisa.

"Kanuni ya kazini inasema mtumishi akijiona hawezi kazi atoe taarifa. Akijiona. Mimi sijajiona siwezi, mimi naogopa tu."

"Na nani anaamua kama kuogopa ni kujiona?"

"Kanuni haisemi." Akasimama. "Amua wewe, mdogo wangu. Nitafuata."

Methali ya mficha maradhi kila mtu anaijua. Kuisema ni rahisi, kumwambia kaka yako mwenye watoto wawili shuleni na kazi moja tu mkononi ndiyo shughuli.

"Ukiogopa, umejiona," nikasema. "Jumatatu saa mbili kamili, kabla dirisha halijafunguliwa, tunaingia kwa msimamizi wote wawili."

"Sawa," akasema, akanishika mkono.

Jumatatu nilifika saa mbili kasorobo. Dirisha lilikuwa wazi tayari na foleni imefika mlangoni. Kaka alikuwa ndani ya koti lake jeupe, anamimina dawa huku akiwatania wazee. Nikajipenyeza mpaka mbele.

"Kaka, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini?" Alinitabasamia kwa upole.

Nilimtazama machoni nikiutafuta woga. Ningeuona ningetulia kidogo, ningejua anakumbuka ila ananikwepa. Sikuuona. Labda aliuficha vizuri, maana ni mtu aliyeweza kuutetea mkuki na kuukataa kwa uso ule ule. Mpaka leo sijui.

Aliandika kitu kwenye chupa, akampa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mama akashukuru, akageuka kuondoka. Watu wote katika foleni ile walikuwa wanamjua kaka yangu. Msimamizi alikuwa kwenye mlango wa ofisi yake, ameshika kikombe cha chai.

"Dada," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "usimpe mtoto hiyo dawa. Mtu mwingine aiangalie kwanza."

Foleni nzima ikamgeukia kaka, na ndipo nikauona woga usoni mwake.