Mpenzi wa Baleti wa Musaga

Népomuscène alikuwa fundi wa winchi katika bandari ya Bujumbura. Alikuwa mtu mfupi, mwenye grisi hadi kwenye viwiko, na alikuwa na maoni makali juu ya jambo ambalo wenzake wote bandarini hawakuwahi kuliona hata siku moja. Jambo hilo lilikuwa baleti. Wala si baleti ya kwetu, maana hapa ukitaja neno hilo watu hufikiri ngoma na vijana wanaoruka na mikuki. Yeye alimaanisha ile dansi ya Wazungu, ya kusimama kwenye ncha za vidole.

Aliijulia Odesa, mji wa Umoja wa Kisovieti, alikopelekwa kusomea mitambo ya bandari miaka ya themanini. Baridi ilikuwa kali, na jumba la maonyesho ya dansi lilikuwa na joto. Aliingia mara ya kwanza ili apate joto tu. Mara ya pili aliingia kwa kupenda. Bibi mmoja aliyetunza makoti mlangoni alimwazima darubini ndogo na kumfundisha adabu za kutazama, na adabu hizo Népo alizileta nyumbani kama mwingine anavyoleta dini.

Alisema kiti kizuri ni cha juu kabisa, karibu na dari. Aliyekaa mbele husikia viatu vikigonga mbao na kuona jasho, lakini haoni mchoro wanaouchora wachezaji. Alisema ni ushamba kupiga makofi katikati. Alisema usimtazame malkia wa dansi, huyo kila mtu anamtazama. Mtazame msichana wa mwisho katika mstari wa nyuma, tena mtazame miguu. Mguu wake ukiwa safi, kundi zima ni safi. Na zaidi ya yote, mtazamaji haondoki kitini kabla pazia halijafungwa. Lije joto, uje mkojo, zije habari mbaya. Anakaa.

"Sasa nyumba ikiungua?" makuli walimuuliza kwa kumchokoza.

"Nyumba ikiungua, unaungua na adabu yako," aliwajibu, nao walicheka hadi kushika mbavu.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Claude, aliyepaka grisi kwenye winchi zile zile. Walikuwa marafiki tangu kabla ya vita vya Wahutu na Watutsi. Vita vilipoingia mjini, Claude, Mhutu wa Kamenge, alimvusha mke wake Geneviève mpaka wa Zaire hadi Uvira. Mwaka 1995 mtaa wao ulipovunjwa kwa risasi na moto, yeye alibaki akilala bandarini, kwenye ghala la saruji. Népo alikuwa Mtutsi na alikaa Musaga, mtaa ambao Mhutu hakuthubutu tena kuukanyaga. Asubuhi hadi jioni walifanya kazi pamoja, kisha mmoja alirudi nyumbani na mwingine alirudi kwenye mifuko ya saruji.

Mwezi wa saba mwaka huo Népo aliletewa kaseti ya video ya baleti na mtu aliyesoma naye. Kwa muda wa majuma mawili hakumwacha Claude apumue.

"Kuya Jumapili, muke yangu Nella atapika, tutaangalia. Utakufa bila kuona kitu cha maana."

"Musaga? Mi niende Musaga? We mutu, una akili?"

"Ukiwa na mi, hakuna mutu atakugusa. Mi nimezaliwa pale."

Claude alikataa, akakataa tena, na Jumapili ile, labda kwa uchovu wa kunusa saruji, akanawa uso akasema, "Haya. Twende nione huo wazimu wako."

Walipanda pikapu ya kazini na dereva wake. Penye daraja la Muha walikuta mawe barabarani na vijana kama kumi na watano. Mmoja wao, Bonfils, alikuwa mtoto wa jirani wa Népo, aliyekuwa akija kwake kumwombea mama yake chumvi.

"Papa Népo, amakuru?" Bonfils alisalimia kwa heshima. Kisha akamwangalia Claude. "Huyu ni nani?"

"Ni mutu wa kazi. Ni mugeni wangu."

"Wa wapi?"

Népo alichelewa kujibu. Kule kuchelewa kulitosha. Walifungua mlango wakamvuta Claude kwa shati, naye akashika kiti, wakamponda vidole kwa chuma mpaka akaachia. Népo alitia mguu nje.

"Kaa, Papa," Bonfils alisema, na sauti yake haikubadilika. "Kaa tu mu gari. Haya si mambo yako."

Akakaa.

Walimpiga Claude kwa mawe kwanza, halafu kwa kile chuma. Alipiga kelele mara mbili kwa jina la Népo, mara ya tatu sauti haikuwa na jina tena. Dereva aliinamisha kichwa kwenye usukani. Népo hakuinamisha. Alitazama hadi mwisho, na kwa mazoea ya miaka mingi macho yake yalishuka chini, kwenye miguu. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Miguu ilichimba vumbi, ikachimba, ikawa inatikisika yenyewe kama haina mwenyewe, kisha ikatulia. Mmoja wa vijana alijipangusa damu usoni kwa mkono, akatema mate. Walimburuta wakamtupa kando ya mto, wakaondoa mawe barabarani, na Bonfils akaipungia pikapu ipite.

Nyumbani Nella alikuwa ameshapakua maharage na ndizi, sahani tatu. Népo alisema mgeni hakuja. Siku ya tatu alishuka peke yake mtoni, akakuta watu wa msaada wanafukia maiti tano katika shimo moja, chini ya ukingo, mita chache kutoka nguzo ya daraja. Alisimama mpaka wakamaliza. Bandarini alisema Claude lazima amekimbilia Zaire. Geneviève alipotuma mtu kuuliza, alimwambia hivyo hivyo.

Kaseti aliitazama, lakini kila mchezaji alipofika mahali pa kufa, alizima. Zamani alikuwa akiyapima makundi kwa jinsi wanavyokufa jukwaani. Sasa alisema hiyo ni sehemu ya uongo kuliko zote: "Mutu hafi na mikono mizuri vile." Hakueleza alijuaje.

Vita viliendelea. Mabomu ya mkono yalilipuka sokoni na kwenye baa. Asubuhi watu waliruka maiti mtaroni wakiwahi kazi. Mwaka 2003 waasi walikuwa wakirusha mabomu mjini kutoka milimani, na katikati ya hayo yote, likaja tangazo: wachezaji wanne wa baleti kutoka ng'ambo wataonyesha dansi katika ukumbi mmoja mjini, Jumamosi saa nane mchana, ili watu wawahi kurudi kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje.

Népo hakuwa ameona baleti ya watu hai kwa miaka kumi na saba. Alipiga pasi suti yake, akamvuta Radjabu, kuli wa Buyenzi, mtu wa mabega mapana aliyekubali kwa udadisi tu. Hapakuwa na viti vya juu, hivyo walikaa nyuma kabisa. Jukwaa lilikuwa la mbao nyembamba na muziki ulitoka kwenye redio kubwa, lakini msichana wa kwanza aliponyanyuka kwenye vidole vyake, Népo alisogea hadi ukingoni mwa kiti.

Radjabu alikodoa macho. Mwanamume alipombeba mwanamke juu ya kichwa, alimnong'oneza Népo, "Huyu anajua kazi. Anabeba na miguu, habebi na mugongo. Vijana wetu bandarini hawajui ile."

Népo alimgeukia kwa mshangao. Kwa miaka yote ya kuhubiri, huyu alikuwa mtu wa kwanza aliyemwambia juu ya baleti jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Bomu la kwanza lilianguka mbali, upande wa ziwa. Wenyeji walisikia wakapima umbali. Wachezaji hawakujua kupima. Walisita, kisha wakaendelea. Radjabu alikuwa ameshasimama.

"Twende, Népo. Ile ya pili inakuyaka karibu."

Népo alimshika mkono wa shati, akamvuta chini. "Kaa. Bado haijaisha."

"We!"

"Kaa, nakuambia! Bado kidogo."

Radjabu akakaa, mkono wake wa kulia ukibaki juu ya kiti cha upande wa dirisha.

La pili lilipiga ukuta wa nje. Dirisha zima liliingia ndani pamoja na chuma chake. Taa zilizimika, dari ikamwaga mbao na vumbi, na watu wakakimbilia mlango mmoja wakikanyagana. Mwanamke mmoja alilia chini ya viatu vyao mpaka kilio kikakatika. Népo alijipapasa, akajikuta mzima. Alimpapasa Radjabu, mkono wake ukazama kwenye kitu cha moto na kilaini. Chini ya kiwiko hapakuwa na kitu ila mfupa na vipande vya shati.

Radjabu hakulia. Alisema polepole, "Népo, mukono yangu iko wapi?"

Népo alivua mkanda, akaufunga juu ya jeraha, akakaza kwa goti kama anavyokaza kamba ya winchi, hadi damu ikaacha kuruka. Akambeba mgongoni, mtu aliyemzidi kwa kila kitu, akapita katikati ya wale waliolala na wale waliotambaa. Nyuma yake, jukwaani, mtu alikuwa anaita kwa lugha ya kigeni. Hakugeuka. Baadaye alisikia kwamba wachezaji walikatwa na vioo tu, wakaondoka kwa ndege.

Radjabu alipona bila mkono. Wiki tatu alimfukuza Népo kila alipofika hospitalini. "Ulinikalisha," alisema. "Mi nilisimama, we ukanikalisha." Wiki ya nne, akiwa amechoka kwa hasira, alimwacha akae, na hapo Népo akaeleza yote: kaseti, pikapu, daraja, Bonfils.

"Nilikaa, Radja. Walisema kaa, nikakaa. Nikaangalia mpaka mwisho."

Radjabu alimtazama usoni. "Muke yake anajua?"

"Apana."

"Miaka nane!" Alijaribu kuinuka kwa mkono ambao haukuwepo, akaangukia kitandani. "Toka hapa. Uende umwambie. Usirudi kwangu kabla hujamwambia."

Geneviève alikuwa amerudi kutoka Kongo na kuishi kwa dada yake huko Gihosha. Népo alimkuta uani akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Geneviève alimpa kiti, akamwita shemeji, akamuuliza habari za Nella. Népo alikataa kiti. Alieleza yote ya darajani akiwa amesimama, na Geneviève alipouliza Claude alipigwa kwa kitu gani, alimwambia. Alipouliza alimwita nani, alimwambia vile vile.

Geneviève alimpiga kwa mchi. Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa bega, la pili lilimpasua juu ya jicho. Dada mtu alikimbia akamshika kiunoni, naye Geneviève alikuwa anapiga mayowe, "Niache! Mwache asimame! Si anajua kusimama leo?" Népo hakuinua mkono. Damu ilimwingia machoni, akawa hamwoni tena, anamsikia tu.

Mchi ulipomponyoka, Geneviève alikaa chini kwenye majani ya sombe. Alihema. Kisha akauliza, "Iko wapi?"

"Kwenye mto. Mahali napajua."

Walishuka siku ile ile, Népo mbele na bega limefungwa kitenge, Geneviève nyuma yake akiwa na jembe la dada yake. Chini ya daraja la Muha vijana walikuwa wanaosha gari. Népo alihesabu hatua kutoka kwenye nguzo, akaonyesha.

"Nenda sasa," Geneviève alisema.

"Shemeji, nikusaidie kuchimba. Ni watano mule."

"Nimesema nenda."

Alipanda ukingo akifuata njia ya Musaga. Nyuma yake alisikia jembe likipiga jiwe, kisha udongo.