Hodhi la Baba na Jivu la Kukhu

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo saa saba, na sasa inatafuta nguvu tena.

Leo nimechoma maganda ya maharagwe jikoni, na nilipolimwagia maji lile jivu, harufu yake ilinisimamisha hapo hapo kama mtu aliyeitwa jina. Ni harufu ya udongo wa njia ulioguswa na mvua ya kwanza, ila nyuma yake kuna ukali kidogo unaokuna koo. Sijui kama naieleza vizuri. Shule yangu iliishia darasa la saba na maneno mengine hunikimbia. Lakini wewe unayesoma, kama uliwahi kula mrenda uliopikwa kwa maji ya jivu kwa nyanya yako, unaijua.

Ilinirudisha Malaba, pale mpakani, miaka ya sabini, kwenye hodhi la Baba.

Baba alifanya kazi ya reli, kuunganisha mabehewa, na jioni alirudi na grisi mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu mfupi. Nalisema mapema kwa sababu ufupi wake una kazi katika habari hii. Kitu alichokipenda duniani baada yetu (nadhani ilikuwa baada yetu) kilikuwa hodhi la kuogea la chuma, jeupe ndani, lenye miguu minne kama ya simba, alilouziwa na mwenye duka mmoja aliyehama. Alilijengea chumba chake cha mabati nyuma ya nyumba. Mama alichemsha maji, Baba akajinyoosha humo mzima mzima, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo, kusema haki, haikuwa nzuri. Ua wetu ulipakana na barabara, na utingo wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka walimpigia kelele:

"Mzee! Leo mtumbwi unafika Jinja?"

"Bado Tororo!" Baba alijibu kutoka ndani. "Nangoja forodha!"

Halafu akaja Kukhu, mama yake Mama, kutoka Marachi. Miguu yake ilikuwa imevimba, na vidonda vilitambaa kutoka vifundoni kuelekea magoti. Zahanati walisema ailoweke kila siku katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, mpaka magotini, la sivyo mguu mmoja huenda ukakatwa. Hilo la kukatwa Mama aliambiwa pembeni, lakini mimi nilikuwa pembeni hiyo hiyo. Karai letu kubwa kabisa halikufika hata nusu ya ugoko wake. Hodhi lilifika.

Tabu ilikuwa moja. Kwetu mama mkwe halali usiku nyumbani kwa mume wa binti yake, na Kukhu alikuwa amepewa kitanda kwa jirani yetu Mteso, Mama Amoit. Kukhu na Baba hawakutazamana usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia majanini. Sasa Mama anamwambia aingie hodhini.

"Mahali mkwe wangu anavua nguo?" Kukhu aliuliza. "Wewe Nekesa, nilikuzaa ama nilikuokota?"

Mama alichukua chupa ya dawa ya kusafishia ya dukani akalisugua hodhi lile kama anayefuta dhambi, kana kwamba likiwa jeupe sana litasahau lilikuwa la nani. Nisiionee ile dawa, ilisafisha kweli. Weupe ulikuwa wa kuumiza macho. Ila harufu ilitutoa machozi, na vidole vya Mama vilichubuka kila alipoitumia. Kukhu alikuja "kuangalia tu". Akapitisha kidole ukingoni, akakigusisha kwenye kidonda, akaruka.

"Hii ni ya kuosha ama ya kuchoma? Hata ningekuwa sina mkwe, humu siingii!"

Lakini hakuweza kuondoka. Nadhani ni kile kiburi cha mtu wa jikoni, hawezi kuona sufuria ya mwenzake ikiungua akanyamaza. Aliagiza maganda makavu ya maharagwe, akayachoma, akajaza jivu kwenye kopo kuukuu lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi. Akamwaga maji polepole. Yakaanza kudondoka chini, rangi ya chai ya rangi. Ni yale yale tunayoyaita musherekha, tunayopikia mboga za majani. Alionja tone moja, akalitema, akaongeza maji, akaonja tena.

"Nafula, sikiliza. Ulimi ukikataa, ngozi itakataa."

Kwanza alituamuru tulisuuze hodhi kwa maji matupu, ndoo baada ya ndoo, mpaka harufu ya dukani ikaisha, maana dawa na jivu, hao wawili, alisema, hawafai kukutana. Ndipo tukapaka musherekha kwa kitambaa. Pale kwenye mstari mweusi wa grisi alinyunyiza jivu lililochekechwa kwa kitambaa cha kanga, laini kama unga wa wimbi, lisikwaruze. Grisi ililegea ikawa utelezi kama sabuni. Nilicheka kwa mshangao, maana wakati huo watu kutoka ng'ambo ya mpaka walivuka kutafuta sabuni kwetu, na sisi tunaitengeneza kwa uchafu wa Baba. Kutu ya pale kwenye tundu la kutolea maji iliondoka kwa nusu ya limau iliyoachwa hapo wakati sisi tunakunywa uji. Tukasuuza tena. Hodhi halikung'aa kama kwanza, lazima niseme. Lilikuwa jeupe la maziwa, na halikunuka kitu. Kukhu akagusisha maji yake kwenye kidonda, akatulia.

Mama akamtazama kwa matumaini.

"Uchafu umetoka," Kukhu alisema. "Mkwe hajatoka."

Mama aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kulia. Hapo ndipo tukasikia kikohozi nyuma ya mabati. Baba alikuwa amerudi kazini, sijui amesimama hapo tangu lini.

"Nafula," alisema, "mwambie nyanya yako hilo hodhi limekuwa fupi. Linanikunja mgongo. Silitaki tena. Kuanzia leo ni lake, hata akienda ni lake."

Mimi nikageuka nikamwambia Kukhu, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

Kukhu akasema, "Mwambie baba yako nashukuru kwa huo ufupi."

Siku hiyo aliingia. Aliloweka miguu hiyo kila jioni mpaka mavuno ya mtama, na alirudi Marachi akitembea kwa yote miwili. Baba alioga kwa karai nyuma ya nyumba, akiwa amejikunja kama kuku anayeatamia. Utingo wakampigia kelele, "Mzee, mtumbwi ulizama?" Yeye akawajibu, "Umefupika! Ama mimi nimerefuka!"

Nilishangaa hata baada ya Kukhu kwenda. Hodhi liko wazi, safi, na Baba yuko kwenye karai. Nilimpima kwa macho: angeingia humo na nafasi ya mtu mwingine ikabaki. Nikaamini mgongo unamuuma kweli, nikamhurumia, nikawa namletea kigoda.

Niliozesha binti yangu ndipo nikaelewa, siku mkwe wangu aliponiona sokoni Mundika akazunguka nyuma ya vibanda vyote vya samaki ili anipishe. Mahali mama mkwe ameoga, mkwe haogi tena. Baba hakuazima hodhi lake. Alilitoa, akajua analitoa moja kwa moja, na akajisingizia urefu ili mama mzee asione haya. Na hakuimba tena. Hilo sikuliwaza mpaka leo, na huenda nakosea, huenda aliimba nami nimesahau. Lakini simsikii.

Musherekha wa leo umetosha kusugua bafu na ukabaki. Jioni tumekula ugali wa wimbi na mrenda.